Safari ya Mashua katika Siku za Sikukuu: Andalio Lake na Usalama Wake

Mji wa Tabora umejengwa juu ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikapumzika, kisha ikagawanyika: mmoja ukashika njia ya magharibi kwenda Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na mwingine ukashuka kusini-magharibi kwenda Ufipa. Wapagazi wa Kinyamwezi walizijua njia hizo zote kwa nyayo zao. Hata hivyo, tunapoingia katika darasa la wanachuo wa mwaka wa kwanza na kuuliza ni nani aliyepata kupanda chombo cha majini, mikono miwili mitatu ndiyo inayoinuka. Bahari iko mbali nasi kwa zaidi ya kilometa 800 za reli, na Ziwa Tanganyika kwa kilometa zipatazo 400. Maji tunayoyafahamu ni yale ya Bwawa la Igombe, ya malambo ya vijijini, na ya vijito vinavyofurika masika na kukauka kiangazi.

Hali hiyo si ya kuchekwa, bali ni ya kuangaliwa. Mwalimu aliyesomea Tabora huenda akapangiwa kufundisha Ukerewe, au Mafia, au katika kijiji cha mwambao wa Kigoma kisichofikika kwa urahisi ila kwa boti. Siku moja atapanda chombo akiwa na watoto arobaini wa watu nyuma yake, na hapo hatakuwa na mkufunzi wa kumuuliza. Mtoto aliyezaliwa ufukweni huliogopa ziwa kwa kiasi kinachostahili, kwa sababu analijua. Sisi wa bara tuna hatari mbili: ama tunaliogopa mno hata tukaganda, ama hatuliogopi kabisa. Hatari ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo tulikusudia kuwapeleka wanachuo 24 Kigoma na Ujiji katika siku nne za sikukuu ya Pasaka, na kuwapandisha mashua kutoka Kibirizi hadi Gombe na kurudi. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoandaa safari hiyo, na jinsi ilivyokwenda, pamoja na yale yaliyotushinda.

Andalio kabla ya safari

Ziara ya mafunzo ni somo kama somo jingine lolote, nayo yahitaji andalio. Kosa la kawaida ni kuanza na usafiri na chakula, na kuyaacha malengo yajitafutie mahali. Tulianza na maswali. Katika historia tuliuliza: msafara ulivukaje maji? Katika jiografia: kwa nini ziwa hili ni refu na jembamba, tena lina kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi? Katika hisabati: mashua moja yaweza kubeba uzito gani? Kila mwanachuo alichukua swali moja, akaandika andalio la somo la dakika 40 kwa darasa la tano, akaambiwa kwamba atalifundisha somo hilo atakaporudi.

Tarehe haichaguliwi na kalenda peke yake. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika kwa nguvu na kwa mfululizo, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kwa kuwa ziwa lina urefu wa kilometa 670 hivi. Masika kuna hatari ya namna nyingine: siku yaweza kuanza shwari kabisa, kisha dhoruba ikaja ghafla na wingu lake jeusi, ikapiga na kupita. Sisi tulikwenda masika, kwa sababu Pasaka iko masika, na hatukuwa na siku nyingine. Basi tulipanga kuondoka alfajiri na kuwa nchi kavu kabla ya alasiri, na tuliacha siku moja tupu katika ratiba. Siku hiyo tupu wanachuo waliiona kuwa ni uvivu wa wakufunzi. Baadaye ilionekana kwamba ndiyo iliyoiokoa safari nzima.

Tunawashauri walimu waisikilize pia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya siku iliyotangulia, kisha waulize wavuvi asubuhi. Vyote viwili vyahitajika. Taarifa hueleza eneo kubwa; mvuvi hueleza wingu lililo juu ya mlima ule pale.

Somo la karai

Majuma mawili kabla ya safari tulifanya jaribio ambalo shule yoyote yaweza kulifanya bila kununua kitu. Tulijaza maji katika karai, tukaelesha juu yake bakuli la plastiki, na kuweka kokoto ishirini chini kabisa ya bakuli. Mwanachuo mmoja aliisukuma kingo ya bakuli kwa kidole. Liliyumba, likarudi mahali pake. Kisha tulisimamisha mkebe mtupu katikati ya bakuli, na kokoto zile zile ishirini tukazipanga juu ya mkebe. Uzito haukuongezeka ila kwa mkebe tu. Kidole kile kile kilipogusa, bakuli lilipinduka.

Darasa lilinyamaza. Hapo tuliuliza: katika mashua, kokoto zilizo juu ya mkebe ni nani? Jibu lilitoka nyuma ya chumba: “Ni abiria aliyesimama.” Hatukuhitaji kuongeza neno. Mtu anayesimama huuinua uzito wa chombo kizima, na watu kumi wanaosimama pamoja ili kumwona kiboko au kuwapungia mkono jamaa walio gatini wanaweza kukipindua chombo ambacho kingewafikisha salama wakikaa.

Jaribio la tatu ni la kumimina kikombe kimoja cha maji ndani ya bakuli lenye kokoto. Bakuli likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Hii ndiyo sababu baharia hachoki kufuta maji yaliyoingia chomboni, hata yakiwa ya kufika kifundo cha mguu tu. Maji ndani ya chombo si mzigo uliotulia. Ni mzigo unaokimbilia mahali pabaya kila mara.

Baada ya karai tulichora mashua uwanjani kwa majivu, kwa vipimo vya mashua ya kweli tulivyopewa kwa simu na mwenye chombo: meta kumi kwa meta mbili na nusu. Wanachuo walijipanga ndani yake wawili wawili. Walijifunza kuingia mmoja mmoja, kukanyaga katikati na si ukingoni, kukaa mara moja, na kubadilishana nafasi kwa kuinama bila kusimama. Kila mmoja alipewa mwenzake wa kumwangalia tangu kupanda hadi kushuka. Jioni ile watoto wa jirani walikuja kutazama watu wazima wakitambaa ndani ya majivu, wakacheka sana. Kesho yake tuliwakuta wakicheza mchezo ule ule. Watoto wa shule ya msingi hupenda zoezi hili kuliko wanachuo, nasi tunalipendekeza hata kwa shule ambayo haina nia ya kusafiri.

Kuhusu uzito na idadi

Msomaji atasema kwamba haya ni mambo madogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza. Kwa hesabu nyingi waliokufa walizidi 800. Hesabu kamili haikupatikana, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Chombo hiki cha pili hakikuwa mbali na nchi kavu. Walio ufukweni walikiona.

Kutokana na misiba hiyo tulijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza ni orodha. Majina yote, pamoja na ya nahodha na mabaharia, huandikwa katika nakala mbili. Moja husafiri katika mfuko wa plastiki, na nyingine hubaki nchi kavu kwa mtu anayejua saa tunayotarajiwa kurudi na anayejua la kufanya tusiporudi. Ya pili ni kwamba idadi tuliyopatana na mwenye chombo haiongezeki hata kwa mtu mmoja. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1876 iliyotaka meli ziwe na alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kuzama kwa mzigo, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania jambo hilo kwa miaka. Mashua zetu za mbao mara nyingi hazina alama hiyo. Kwa hiyo sisi hupima ubao ulio juu ya maji watu wakiwa wamekwisha kukaa: ukipungua urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, watu wanashuka.

Jaketi okozi huvaliwa nchi kavu kabla ya kupanda, hufungwa kamba zote, na mwalimu hupita akilivuta juu mabegani mwa kila mmoja; likipanda hadi masikioni halimfai. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto likabaki likielea peke yake. Tumeona mahali jaketi zimefungwa pamoja kwa kamba chini ya ubao wa mbele, safi kama zilivyotoka dukani. Hizo ni za kumwonyesha mkaguzi. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana huelea kwa nguvu ya karibu kilo 20, na laweza kumsaidia mtu aliyeanguka, lakini tunalitaja kama msaada wa ziada tu.

Njiani

Treni ilituondoa Tabora usiku. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo inafuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya misafara. Stanley aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba 1871, akazunguka kusini ili kukwepa vita ya Mirambo, akafika Ujiji baada ya majuma kadhaa. Sisi tulilala Tabora tukaamkia Uvinza.

Hapo tuliwaamsha wanachuo ili wauangalie mto Malagarasi. Kwa msafara, mto huu ulikuwa kizuizi kikubwa kuliko jua na kiu. Mzigo wote ulivushwa kidogo kidogo katika mitumbwi midogo, na ushuru wake ulilipwa kwa nguo na shanga baada ya majadiliano marefu. Stanley alivushwa hapa, na punda wake aliyeitwa Simba, aliyekuwa akivutwa kwa kamba ndani ya maji, alikamatwa na mamba mbele ya macho ya watu wote. Mwanachuo aliyekuwa na swali la historia aliuliza kwa nini wavushaji hawakufanya haraka, ilhali msafara ulikuwa na haja. Mwenzake akamjibu kwamba wavushaji waliujua mto. Tuliliandika jibu hilo.

Ujiji tulikaa siku ya Ijumaa. Mwanafunzi anayesoma kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871 hushangaa kuona mnara wa ukumbusho uko mbali na maji. Ziwa lenyewe limehama: mnamo miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, kisha mto Lukuga upande wa magharibi ulipofunguka yakashuka kwa miaka mingi. Miaka ya 2020 na 2021 yalipanda tena, yakafunika sehemu za ufukwe zilizokuwa nchi kavu. Nahodha anayejua kazi yake anakumbuka mahali palipokuwa na kuta na visiki. Tuliwaeleza pia habari za Speke, ambaye Machi 1858 alivuka kutoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kutafuta jahazi la kukodi upande wa pili, akapigwa na tufani njiani, na jahazi lenyewe asilipate. Chombo kilichotarajiwa na chombo kilichopatikana ni vitu viwili, kama tulivyojionea kesho yake.

Asubuhi ya Jumamosi

Tulifika Kibirizi kabla ya jua kuchomoza, tukiwa watu 27. Mashua ilikuwapo. Ndani yake kulikuwa na magunia ya mahindi, kreti za soda, na abiria wengine kumi na mmoja waliokuwa wameketi tayari. Jaketi zilikuwa 15, mbili kati yake zimepasuka. Makasia hayakuwapo, wala tanga la akiba. Palikuwa na injini moja tu.

“Mzee wetu,” tulimwambia nahodha baada ya kumwamkia, “tulipatana watu 27 na mabaharia wako, basi.”

“Walimu wangu, hawa ni watu wa njiani, wanashuka karibu. Ziwa leo ni maziwa, tazameni.”

Alisema kweli. Ziwa lilikuwa limelala. Nyuma yetu wanachuo walikuwa wamekwisha kukunja suruali. Mmoja wao, kijana mwenye heshima sana, alitusogelea akasema kwa sauti ya chini: “Mwalimu, tumetoka Tabora usiku kucha. Tutarudi bila kuonja maji?”

Tulikuwa tumelipa nusu ya nauli. Tuliitazamana sisi watatu, na hatutaki kumdanganya msomaji kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Mkufunzi mmoja miongoni mwetu alidhani twaweza kwenda. Ilitubidi kusimama kando na kulimaliza jambo faraghani, kwa sababu wakubwa wakibishana mbele ya kundi, kundi huchagua upande unaolipendeza. Tuliporudi tulisema kwa kinywa kimoja kwamba hatupandi. Nahodha alikasirika, akaturudishia sehemu ya fedha, akaondoka na watu wake na magunia yake.

Mashua ile ilikwenda ikarudi salama. Tuliiona sisi wenyewe mchana ikiingia ufukweni, abiria wakishuka wakicheka. Jioni ile wanachuo hawakuzungumza nasi ila kwa lazima. Mmoja aliigiza, akidhani hatumsikii, namna tulivyopima ubao kwa kiwiko.

Tunaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mwalimu kijana hujaribiwa. Hatajaribiwa na dhoruba, kwa maana dhoruba ikivuma kila mtu hukataa kupanda. Atajaribiwa na maji yaliyotulia, na fedha iliyokwisha kutoka, na nyuso za watoto waliongoja muhula mzima. Na akikataa, yaelekea sana kwamba chombo alichokikataa kitarudi salama, maana vyombo vingi vilivyojazwa kupita kiasi hurudi salama, na ndiyo sababu hujazwa tena kesho. Asitegemee matokeo kumpa haki. Katika kikao cha usiku tuliwauliza wanachuo swali moja: kama jaketi ni 13 zinazofaa na watu ni 27, ni nani kati yenu ataandika orodha ya wasiopewa? Waliombwa waandike majina. Hakuna karatasi iliyorudi na jina lolote.

Siku tupu ilipopata kazi

Jumapili, ile siku iliyoitwa ya uvivu, tulipata mashua mbili ndogo zilizopendekezwa na wavuvi wenyewe, zenye jaketi za kutosha baada ya kuazima nyingine, na makasia manne kila moja. Tuligawanyika. Kabla ya kuondoka tulimwomba kila nahodha azungumze na kundi kwa dakika kumi. Hili tunalihimiza sana: nahodha akisimama kama mwalimu, huwajibika kama mwalimu.

Mmoja wao alifundisha jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu. Alisema kwamba injini ikizimika, chombo hugeuka chenyewe kikayapa mawimbi ubavu, na hapo ndipo kinapojaa maji. Nanga haisaidii, kwa sababu mwambao huu huteremka ghafla na kamba haifiki chini. Alituonyesha ndoo iliyofungwa kamba ndefu: hutupwa majini kutoka omo, ikajaa, ikavuta, na omo ikabaki inayatazama mawimbi hadi injini iwake au makasia yafanye kazi. Alisema pia kwamba chombo cha mbao kikipinduka hakizami upesi. Mtu akishike na asikiache, hata kama ufuko anauona. Wengi waliokufa waliuona ufuko.

Tulihesabu watu mara nne: kabla ya kupanda, baada ya kukaa, tuliposhuka Gombe, na tulipopanda kurudi. Mashua zilishika mwambao, hazikukata katikati. Wanachuo walikaa wawili wawili, wengine wakishikana mikono kwa nusu saa ya kwanza, kisha wakaanza kuuliza maswali. Gombe, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, haikutupa sokwe kwa muda tuliokuwa nao ila sauti zao mlimani. Saa nane mchana wingu lilisimama upande wa Kongo. Tulikuwa tumekwisha kufika Kibirizi, tukila samaki. Mvua ilinyesha kwa saa moja na ziwa likawa jeupe kwa povu. Kijana aliyeuliza juu ya kuonja maji alisimama mlangoni mwa mgahawa akilitazama, hakusema kitu.

Masomo ya dakika 40 yalifundishwa katika shule ya mazoezi juma lililofuata. Somo la karai lilivunja bakuli mbili. Katika orodha ya vifaa tumeongeza vitu vitatu ambavyo tulivisahau: filimbi kwa kila jozi, mkanda wa kupimia badala ya kiwiko, na barua ya mapatano iandikwe kabla ya malipo ya kwanza, yenye idadi ya watu, idadi ya jaketi, na sahihi ya mwenye chombo.